Mafunjo yanaoza shinani, kosa liko wapi?

Mdau wa Ilemela: Wakuu, bustani ina kidimbwi cha tope. Mafunjo (mimea mirefu ya majini, papyrus) yamepandwa wiki tatu, yanaoza tu.

Funjo: Huenda tunguu (shina nene la chini ya tope) limezikwa chini mno, mkuu. Kata kipande chenye machipukizi 2 au 3, punguza mabua yabaki sentimita 30, funika kwa tope sentimita 5, machipukizi yatazame juu. Maji yasizidi vidole vitatu hadi mabua mapya yasimame. Bua tupu lisilo na tunguu halioti.

Mama Bustani: Jua la kutosha pia, kivulini hulegea na kulala. Acha mita 1 kati ya mashina.

Funjo: Usichimbe matunguu ya kupanda ufukweni: Sheria ya Mazingira ya Tanzania ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ziwani. Omba kwa jirani, atashukuru, maana mafunjo yakishika hutambaa bila adabu.