Mjadala: Biro (ofisi) za Bukavu, tuanze kuzima taa ao tuanze kupunguza kashe (mihuri)?

Sekretere wa Ndendere anafungua:

Bandugu, jambo. Ku kazi kwetu wamebandika ku kila mlango karatasi ya kijani imeandikwa "Tulinde mazingira", na karatasi yenyewe wameivalisha plastiki ili isichafuke. Chini kuna orodha: zima taa ukitoka, usichapishe barua-pepe ovyo, panda ngazi uache lifti. Jengo letu haliko na lifti, halijawahi kuwa nayo. Ni orodha imeandikwa ku makao makuu huko Ulaya ikashushwa hivyo hivyo. Sasa jambo lenyewe silikatai, ila naona tumelishikia mkia, na njo swali naleta hapa: biro ya Bukavu ikitaka kweli kupunguza uchafu wake ianze wapi, na nani atangulie?

Mimi naona hivi. Umeme wetu unatoka ku maji ya mto Ruzizi. Mtambo wa Ruzizi ya kwanza pale Mururu unazunguka toka mwisho wa miaka ya 1950, ya pili ikaja 1989 na tunaigawana na Rwanda na Burundi. Ukizijumlisha zote mbili hazifiki megawati 80, ni kidogo kwa watu wote hawa, lakini haziunguzi mafuta. Balbu ya LED ikisahauliwa inawaka chooni haijatia moshi mu pua ya mtu. Moshi unakuja umeme ukikatika na jenereta ikaanza kunguruma pale uani, juu (sababu) kila lita ya mazutu (dizeli) ikiungua inatoa karibu kilo 2.7 za gesi ya kaboni, acha ile masizi inaenda kukaa ku nguo za jirani zenye ameanika.

Na umeme unakatika juu ya nini? Sababu ni nyingi, lakini moja kila mtu hapa anaijua: plastiki. Mvua ikinyesha taka za miteremko ya komini ya Kadutu zinashuka na mto Kawa mpaka ziwa Kivu, ziwa linazisukuma polepole kuelekea pale Ruzizi inatokea, zinafika ku barrage (bwawa la umeme) zinajaa pale mbele, mashini zinazibwa, inabidi watu waingie kuzitoa. Halafu sisi tunawasha jenereta ili tuendelee na atelie (warsha) ya mazingira, ambamo kila mshiriki amewekewa mezani chupa mbili za maji, na ya pili anaiacha nusu.

Tuje ku karatasi, hapa njo nakasirika. Barua moja ya kuomba kikao tu inataka orijino, inataka kopi yenye itapigwa kashe kwamba wamepokea, halafu pale chini kuna mstari wa "kopi kwa taarifa": Gavana, waziri wa mkoa, meya, burgumestre wa komini, mkuu wa divisheni, kila mmoja na kopi yake na viambatanisho vyake, na planton, mtumishi wa kubeba barua, anazunguka muji mzima na moto (pikipiki) kuzigawa. Barua ya misioni, ile ya kukutuma safari ya kazi, ipigwe kashe ukifika na ipigwe tena ukiondoka. Kisha mwenye kutia sinyatire (saini) ku hayo yote ananiambia mimi sekretere nipunguze karatasi! Kwangu mimi wakubwa watangulie: chupa zitoke ku mikutano, makaratasi yenye kuombwa yapunguzwe, mazutu ya gari na jenereta ihesabiwe mbele ya wote, kibandiko cha mlango kitakuja mwisho. Mwenye kupinga apinge.

Mtoto wa Kadutu:

Mama sekretere, nakuheshimu, lakini kila siku ni taka za Kadutu, taka za Kadutu. Chupa ya maji ya kununua Kadutu tunaikunywa wakati gani? Hizo ni za mitaa ya Nguba na Muhumba, ni za kwenu. Na huku chupa tupu haitupwi, iko na bei, mama anaijaza mafuta ya mawese, mwingine mandale, mwingine asali, mwingine kanyanga, inazunguka mpaka inapasuka. Yenye kuziba barrage kwa wingi ni sashe, ile mifuko laini ya plastiki. Na taka zinashuka ku Kawa juu gari la kuzibeba halifiki ku miteremko yetu, tuzipeleke wapi? Mukitoa chupa ku atelie zenu mutakuwa mumewanyima watoto wanaoziokota na mumeacha sashe palepale.

Sekretere wa Ndendere:

Kwa sashe uko na haki mutoto wangu, na sheria iko toka zamani, dekreti ya tarehe 30 Desemba 2017 inakataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia sashe za plastiki mu inchi yote. Nenda soko ya Kadutu sasa uone. Wenzetu wa Rwanda ng'ambo ya Ruzizi walikataza toka 2008 na ukivuka pale na sashe wanakunyang'anya. Lakini ndugu, mimi sina uwezo wa kukamata sashe sokoni. Chupa ya atelie yetu niko na uwezo nayo, juu bon de commande (hati ya kuagiza) inapita ku meza yangu. Ya chupa kuzunguka mpaka kupasuka, sawa, ikishapasuka inaenda wapi?

Dereva wa Land Cruiser:

Mimi nasema kidogo tu. Munahesabu karatasi na gari linawaka pale parking saa nzima, shefu amesema "nakuya sasa hivi". Toka Nguba mpaka Panzi ule msongamano wa mtaa wa Essence munaujua wenyewe, gari la mazutu la viti vingi limebeba mtu mmoja na kompyuta yake. Nikizima injini naulizwa juu ya nini gari haliko tayari. Lakini pia musituonee: tukienda terrain (kazi ya nje ya muji) magari mawili ni kanuni ya usalama, moja likikwama mu matope lingine linalivuta. Hiyo haiguswi. Ile ya kunituma mjini asubuhi kuleta bahasha moja, mchana nyingine, jioni ya tatu, ku barabara ile ile, njo muiguse.

Mama Karanga, Nyawera:

Mukipunguza karatasi mimi nitafungia karanga mu nini 😂 Sashe munakataza, karatasi munataka kukataza. Karatasi za biro zenu hazipotei, tunazinunua kwa kilo, upande mmoja umeandikwa upande mwingine mweupe. Ila mupange vizuri, siku moja nilimfungia mteja karanga mu liste ya mishahara ya watu, akasimama palepale anaisoma mpaka karanga zikapoa.

Mhasibu wa Muhumba:

Nimesoma yote nikanyamaza, sasa niseme. Sekretere anaongea kama karatasi tunaziomba kwa starehe. Mimi nikienda mbele ya odita (mkaguzi wa hesabu) na faktire (ankara) ya kwenye simu, bila orijino, bila kashe ya muuzaji, pesa hiyo inaitwa "haistahili" na inarudi ku mgongo wa biro. Liste ya washiriki wa atelie bila sinyatire ya mkono, perdiem ya watu wote inakataliwa. Na kwetu hapa kuna mambo ya faktire za kubuni, tusijifiche, kashe haizuii mwizi lakini inamchelewesha. Ukitoa karatasi bila kuweka kitu mahali pake, umefungua mlango.

Na lingine. Komputa inakufa, umeme unapanda unashuka unaunguza diski, intaneti inakwenda. Farde (faili) mu kabati haikufi. Biro nyingi hapa zimefungwa kwa haraka miaka hii juu ya vita, watu wakakimbia na kile walichoweza kubeba, uniambie ni nani alibakia na uthibitisho wa kazi yake.

Mtu wa Uvira:

Samahani mhasibu, mfano wako wa mwisho unakupinga mwenyewe. Waliokimbia na kabati la mafaili mgongoni ni akina nani? Aliyekuwa ametuma nakala zake kwenye mtandao, iwe kwa barua-pepe yake tu, ndiye alifika Bujumbura au Kinshasa akafungua kompyuta ya mtu akaendelea na kazi. Karatasi zilibaki kabatini, zikaporwa kabati na vyote.

Na kuhusu uthibitisho, sheria ipo. Kanuni ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inatambua maandishi ya elektroniki na saini ya elektroniki hapa Kongo. Tatizo liko kwenye dirisha la kupokea barua, pale karani anakuambia "peleka ichapishwe, irudi na muhuri". Sheria ya nchi inaruhusu, kanuni za ndani za ofisi hazijaguswa, na wafadhili nao wanaohubiri kijani ndio wanaodai nakala tatu za kila risiti. Kama kuna barua ya kuandika basi iende kwao, ikiuliza wazi ni vipande vipi watakubali vikiwa vimepigwa picha. Mfadhili mmoja akikubali kwa maandishi, huyo odita atanyamaza.

Mhasibu wa Muhumba:

Akikubali KWA MAANDISHI, na kashe 😄

Mwalimu wa Bagira:

Turudi ku chupa kidogo, juu naona mama sekretere amepita mbio. Mnataka bidoni ya lita 20 yenye robine (koki) na vikombe vya kuosha. Kwanza kipindupindu hapa Kivu ya Kusini hakiondoki, nani amechemsha hayo maji, nani ameosha hivyo vikombe na maji gani? Pili, tuseme tu wazi, karuho. Watu wazima wanaogopa sumu. Mtu ako mu kikao na mwenye wanagombania kiti, umletee maji mu kikombe kimetoka nyuma ya pazia, hakunywi. Anataka chupa imefungwa, aifungue mwenyewe asikie kifuniko kinakatika. Hiyo haibadilishwi na kibandiko.

Sekretere wa Ndendere:

Hiyo ya karuho mwalimu umesema kitu chenye wengi wanakizunguka. Naikubali kabisa, na njo maana mimi sitaki kikombe kitoke nyuma ya pazia. Kila mtu aje na gurudi yake ama chupa yake kutoka nyumbani, bidoni ikae mbele ya wote, kila mtu ajimiminie. Mwenye haamini bidoni aje na maji yake, hakuna atakayemuuliza. Kuhusu kipindupindu, maji ya bidoni tunaweza kuyachemsha ao kutia klori palepale, chupa za kufungwa zenyewe zingine zinajazwa wapi tunajua? Kuna zenye kuokotwa, kuoshwa na kufungwa tena.

Fundi Sola:

Nyote mumesahau kitu kimoja. Biro nyingi zinajivunia zimeweka sola, vizuri, jenereta imepumzika. Lakini betri za asidi zikinunuliwa za bei ya chini na kunyonywa mpaka chini kila usiku zinakufa mbio, na mimi njo naitwa kuzitoa. Naulizwa niende nazo wapi, wananiambia "jua mwenyewe". Ile ni madini ya risasi na asidi, kuna mafundi wanamwaga asidi mu mufereji, mufereji unaenda ziwani, ziwa tunavua samaki wa sambaza. Sijaona biro hata moja yenye kuandika mu kontra (mkataba) kwamba muuzaji atarudisha betri zake zikifa. Andikeni hiyo tu, mstari mmoja.

Wa Goma:

Salamu toka ng'ambo ya ziwa. Nashangaa hakuna mwenye amesema juu ya kompyuta zenyewe. Munataka kuhama ku dijitali kama vile dijitali inaota ku miti. Koltani ya Rubaya, hapa Masisi, njo inatoa tantali ya vile vidubwana vinavyoshika umeme ndani ya simu na laptop, na vilima vya Rubaya munaona ku picha vilivyobakia. Sehemu kubwa ya uchafu wa laptop inatoka wakati wa kuitengeneza, kabla haijafika ku meza yako. Biro inayobadilisha kompyuta kila projeti mpya ikianza, juu tu bajeti iko na mstari wa kompyuta, inafanya uharibifu kuliko sekretere mwenye kuchapisha. Muongeze RAM, mubadilishe betri, muitumie mpaka ikatae.

Mtoto wa Kadutu:

Hapo nakubali, na hizo za zamani muzilete shule za Kadutu, musizirundike mu depo.

Mhasibu wa Muhumba:

Kompyuta ya projeti siwezi kuitoa zawadi bila barua ya mfadhili, mutoto. Na bila orodha yenye kutiwa sinyatire, kopi tatu.

Dereva wa Land Cruiser:

😂😂 Tumerudi palepale.

Sekretere wa Ndendere:

Basi mimi nimefanya hivi leo asubuhi. Nimetengeneza karatasi moja, ndiyo, karatasi, yenye safu tatu: lita za mazutu za jenereta, lita za gari, na ramu za karatasi zilizotoka depo, kwa mwezi, kila idara peke yake, na jina la mwenye kuidhinisha. Nimeipeleka kwa shefu nimeomba ibandikwe mahali pa kile kibandiko cha kijani. Ameisoma mara mbili, akaniuliza kama lazima jina lake liwe la kwanza. Nikamwambia papa, wewe njo unaongoza kwa mazutu. Amesema atafikiri. Wenye wameshajaribu kitu kama hiki ku biro zao watuambie kama wakubwa walikubali, ama kama walimbadilishia mtu idara.

Mwalimu wa Bagira:

Atafikiri mpaka kiangazi. Wewe ipeleke pia na kopi kwa taarifa.