Naomba ushauri: daftari za marehemu babu

Assalaam alaykum ndugu zangu. Niko Wete, Pemba. Marehemu babu kaniachia kasha la daftari za Kiswahili alizoziandika kwa herufi za Kiarabu. Tangu Ramadhani nasoma ukurasa mmoja kila baada ya Alfajiri, na wallahi najiona mtu mwengine. Mambo ya nafsi niliyokuwa nikiyakimbia yote yamo mle.

Tabu ni unyevu wa masika, kurasa zinagandana. Nimezianika kivulini, nikatia na karafuu kuzuia wadudu (mama kanicheka). Mwalimu wa chuoni kanisaidia, ila maneno mengine ya kale yamemshinda.

Je, Nyaraka za Taifa za Zanzibar pale Kilimani, Unguja, wanampigia picha mtu binafsi daftari zake akarudi nazo? Na kurasa zilizogandana nizibandue vipi zisichanike?