Msaada wa neno moja la Kiingereza: "less" kwenye mkataba

KatibuMoro: Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Naomba mnieleweshe neno moja tu, less. Mkataba wetu wa usafi wa ofisi unasema malipo ya kila awamu ni "TZS 1,800,000 less 5% withholding tax". Ninavyojua less ni pungufu, kwa hiyo kodi ni pungufu ya asilimia 5, labda moja au mbili. Nimekosea wapi? Siku ya tatu leo sijalala.

Kasorobo: Dada, tafuta than. "Less than 5%" ndiyo haifiki asilimia 5. Hapo than haipo. Less ikikaa katikati ya hesabu namna hiyo ni "toa", ni ile kasoro yetu ya saa. Saa mbili kasorobo ni saa mbili ukatoa robo. 1,800,000 kasoro asilimia 5 yake ni 1,710,000. Hiyo 90,000 ni kodi ya zuio, anayewalipa huduma anaikata na kuipeleka TRA. Mdaini cheti chake mkitunze, kinahesabiwa kwenye kodi yenu ya mwaka.

FunguaNjia: Neno hili liliniponza na mimi. Tangazo la kazi lilisema "not less than three years". Nilikuwa na mitatu kamili, nikaona less, nikajua sitoshi. Jirani yangu mwenye mitatu hiyo hiyo akaomba, akapata. Kumbe ni "isiyopungua", na mitatu yenyewe imo. Hadi leo nikipita pale getini roho inaniuma.

BintiTanga: Mimi nauliza, akina mama wa usafi na mkataba wa Kiingereza wapi na wapi? Mngedai wa Kiswahili kabla ya kutia saini. Mnaona aibu kudai, halafu mnakuja kulia.

MzeeWaBaraza: Mwanangu, neno moja halimnyimi mtu usingizi siku tatu. Hela imeingia? Na nani aliwasomea wenzako?

KatibuMoro: Imeingia wiki jana mzee wangu, 1,710,000 kamili. Niliwasomea mimi. Tuko sita. Niliandika kwenye kaunta buku "kodi haifiki 5%", nikawaambia itakatwa kama 18,000 hivi.

MzeeWaBaraza: Basi kuna pengo la 72,000. Wamelipokeaje?

KatibuMoro: Hawajui. Nilitoa 72,000 kwenye sanduku la kikundi nikajazia, kila mmoja akapata 297,000 yake kama nilivyoahidi. Sikula hata shilingi moja. Nitarudisha awamu ya pili ikiingia. Ningesema mapema wangeniona mwizi, wakati aliyeniingiza kikundini ndiye huyo mweka hazina, ananiita mdogo wangu.

Kasorobo: Lakini awamu ya pili nayo itakatwa 90,000. Utajazia na hiyo?

Mswahili_Halisi: Jamani hii ni chai, tena ya maziwa. Sanduku la kikundi lina kufuli tatu na watu watatu wa funguo, makusudi asilifungue mtu peke yake. Huyu kalifunguaje? Na mtu anayesoma mkataba wa Kiingereza hajui kupiga 5%?

BintiTanga: Hata mimi nimeanza kushtuka. Mara neno, mara hela.

FunguaNjia: Chai au si chai, mimi nimejifunza less. Endeleeni.

KatibuMoro: Si chai kaka. Ufunguo mmoja ni wangu. Wa pili mwenzangu aliniachia alipokwenda kwao kujifungua. Kufuli la tatu limeharibika tangu mfungo, linaning'inia tu. Na 5% najua kupiga. Sikuipiga kwa sababu nilishaamini haifiki.

Mswahili_Halisi: Hapo kwenye kufuli la kuning'inia nimekuamini. Samahani dada.

MzeeWaBaraza: Waitishe. Waoneshe mkataba, waoneshe ulichoandika, waambie ulisoma vibaya. Kila mmoja anadaiwa 12,000, si pesa ya kuvunja undugu. Ila la sanduku waombe radhi peke yake, usilichanganye na la neno.

KatibuMoro: Nashukuru mzee. Nilikuwa naona nitafute kwanza hiyo 72,000, niirudishe, ndipo niseme.

Kasorobo: Na mweka hazina akilifungua kabla hujapata?

KatibuMoro: Analifungua Jumamosi.