Shangazi asilipe, asijibizane: vitabu vihesabiwe kwanza

*Neema:* Shikamooni wakubwa. Mmeona kule kwenye grupu la hisa? Sanduku la fedha za kikundi limepungua 180,000, wote wanamtaja Shangazi kwa kuwa ndiye mtunza sanduku. Kuna hadi wanaotaka isomwe Albadiri.

*Dada Asha:* Marahaba. Shangazi, kule usijibu hata neno. Andika ujumbe mmoja kwa mwenyekiti na katibu: naomba kikao cha dharura, kila mwanachama aje na kitabu chake, sanduku lifunguliwe mbele ya wote. Baada ya hapo kimya. Na usirekodi sauti, zinakatwa vipande na kusambazwa.

*Shangazi:* Nimechoka jamani. Nikilipa si yataisha?

*Baba Mdogo:* Hapana dada. Ukilipa umekiri, na kosa litabaki humohumo kwenye daftari, mwezi ujao litarudi.

*Dada Asha:* Tena mtunza sanduku hana ufunguo hata mmoja. Kufuli tatu, funguo kwa watu watatu wengine. Kabla ya kufungua, zipigwe picha kufuli zote, skrubu za komeo, na hasa bawaba za nyuma. Pini ya bawaba ikichomolewa, kifuniko kinainuka kwa nyuma na kufuli zimefungwa vilevile. Watu hawaangaliagi huko.

*Kaka Hamisi:* Mimi naitazama hiyo 180,000. Inagawanyika kwa 9. Tofauti ya namna hiyo mara nyingi ni tarakimu zimegeuzwa: fedha ni 240,000, katibu kaandika 420,000. Tofauti yake ni 180,000 kamili. Anzeni na salio la kufungia la kikao kilichopita.

*Kaka Hamisi:* Wasipoliona hapo, wahesabu mihuri kwenye vitabu vya wanachama. Hisa moja ni muhuri mmoja, 5,000, kwa hiyo wanatafuta mihuri 36 iliyogongwa bila fedha kuingia. Halafu mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana, uhesabiwe peke yake. Rambirambi ikitolewa bila kuandikwa, lawama inakwenda kwa sanduku. Mwisho marejesho ya mikopo yaliyotumwa kwa simu: yameandikwa "amelipa", fedha bado iko kwenye simu ya mtu.

*Neema:* Na kikao cha kawaida cha Jumamosi aende?

*Baba Mdogo:* Aende, akae kwenye namba yake, anunue hisa kama siku zote. Kunyamaza sawa, kutoonekana hapana, watasema kakimbia. Kwa mwenyekiti wa mtaa nitakwenda mimi. Wengine wote humu msimtetee kule, mnachochea.

*Shangazi:* Wanasema nilirudishe sanduku leo usiku.

*Dada Asha:* Usilitoe bila hati ya makabidhiano! Tarehe, kiasi kilichohesabiwa, sahihi za washika funguo wote watatu na mashahidi wawili, nakala ubaki nayo. Wakikataa kuitisha kikao, barua kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Vikundi hivi ni daraja la nne kwenye Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, halmashauri ndiyo inavisajili.

*Neema:* Wakienda polisi?

*Kaka Hamisi:* Akiitwa aende, asijifiche. Akikamatwa, jina na anwani anataja. Maswali mengine halazimiki kujibu, na ana haki ya kuwasiliana na wakili au ndugu. Asisaini maelezo ambayo hajasomewa yote.

*Baba Mdogo:* Shangazi yenu asilale peke yake na hilo sanduku leo. Neema, nenda sasa hivi, pitia kwangu tuongozane.