Tupeane uzoefu: likizo tamu Dubai, kurudi nyumbani ndiyo kasheshe

Mleta mada
Wakuu, habari za saa hizi. Dubai yenyewe tumeshaichambua sana: abra (mashua ya abiria) ya dirham 1 kuvuka khori, dhahabu za Deira, Burj Khalifa usiku. Uzi huu ni wa ile siku ya mwisho, kuanzia kaunta ya kiwanja cha Dubai mpaka unafungua geti lako Mbagala au Nyamagana. Mwenye ujuzi aweke kitu kinachoshikika: namba, siku, fomu. Vilio vya "niliteseka mno" tuviache kando.

Mdau wa tiketi
Naanza na tiketi, maana kasheshe nyingi hununuliwa siku ile ile unapolipa nauli. Tiketi moja yenye vipande viwili (tuseme Dubai–Addis–Dar) si sawa na tiketi mbili zilizounganishwa na wewe mwenyewe, hata kama ndege ni zile zile. Kwenye tiketi moja, kipande cha kwanza kikichelewa, shirika ndilo lenye mzigo wa kukutafutia ndege inayofuata. Kwenye tiketi mbili, shirika la pili linakuhesabu kuwa hukutokea, basi. Nauli imekwenda. Na begi lako linaishia pale pa kuunganisha, ukalichukue mwenyewe, jambo ambalo mara nyingine linadai viza ya kuingia nchi hiyo.

Msidanganyike na ile namba ya herufi sita ya bukingi. Wakala anaweza kuweka tiketi mbili chini ya namba moja. Angalia namba ya tiketi yenyewe: ina tarakimu 13, tatu za mwanzo ni za shirika. Safari ya vipande viwili ikionyesha namba mbili tofauti za tiketi, una tiketi mbili.

Kaunta wakishabandika karatasi kwenye mpini wa begi, isome kabla begi halijaondoka. Herufi kubwa ziwe DAR. Zikiwa ADD (Addis), mwambie mhudumu palepale, kwa adabu, wala usione haya.

Bi Mizigo
Begi lisipotokea kwenye mkanda, usitoke ukumbini. Narudia: usitoke. Ukishapita forodha kwenda nje, kuthibitisha kwamba hukulipokea ni kazi mara tano zaidi. Nenda dirisha la mizigo, andikisha ripoti ya PIR, yaani taarifa rasmi ya mzigo uliopotea, kuchelewa au kuharibika. Utapewa namba ya herufi na tarakimu 10: tatu za kiwanja, mbili za shirika, kisha tarakimu tano. Bila namba hiyo hakuna anayeweza kukufuatilia.

Watakuonyesha chati yenye picha za mabegi uchague umbo na rangi. Hapa ndipo watu huharibu. "Begi jeusi la magurudumu" ni nusu ya mabegi yote duniani. Taja kitu kilichomo juu kabisa ukifungua zipu: kanga ya njano, kopo la maziwa ya unga, viatu vya mtoto. Stika ya begi ikichanika njiani, wafanyakazi hulifungua na kulinganisha vilivyomo na ulichoandika. Weka pia karatasi yenye jina na simu NDANI ya begi, maana kibandiko cha nje ndicho kinachong'oka kwanza. Na piga picha begi kabla ya safari, likiwa limefungwa na likiwa wazi.

Ile stika ndogo wanayokubandikia nyuma ya kadi ya kupandia ndege usiitupe. Namba yake ya tarakimu 10 ndiyo iliyoko kwenye begi.

Sasa muda, na hapa ndipo haki hupotea. Tanzania na Kenya zote zimo kwenye Mkataba wa Montreal wa 1999, ule wa kimataifa wa haki za abiria wa ndege na mizigo yao. Begi limeharibika: lalamika kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu ulipolipokea. Limechelewa: siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Siku 21 zikipita bila kuonekana tangu siku lilipotakiwa kufika, unaruhusiwa kulidai kama lililopotea. Mahakamani una miaka 2. PIR peke yake isikutoshe. Andika barua pepe pia, uhifadhi nakala. Kikomo cha fidia tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni SDR 1,519 (SDR ni kipimo cha fedha cha IMF) kwa abiria, kama dola 2,000 hivi. Hicho ni kikomo, si mshahara. Unalipwa unachoweza kuonyesha, kwa hiyo risiti za mswaki, chupi na shati ulilonunua ukisubiri zote zitunze. Dhahabu, simu na dawa za presha zikae kwenye mkoba wa mkononi.

Mtoto wa Kariakoo
Bi Mizigo kamaliza. Niongeze la kufunga mzigo. Kiwanja cha Dubai tangu Machi 2017 hakipokei mzigo wa duara wala usio na upande hata mmoja bapa. Mikanda yao ya mizigo ni ya kilomita nyingi na kitu kinachobiringika hukwama. Kwa hiyo lile belo la mablanketi ulilofunga kamba likawa kama tikiti maji litarudishwa, na kulifunga upya palepale ni kwa malipo. Tumia boksi au begi la pembe nne. Kamba ndefu zinazoning'inia kata. Begi au boksi moja lisipite kilo 32, hata kama uko tayari kulipia ziada, kwa sababu linabebwa na mgongo wa mtu.

Wanaodai kurudishiwa kodi ya VAT ya asilimia 5 waliyolipa dukani (risiti kuanzia dirham 250, duka liwe kwenye mpango huo): thibitisha risiti kiwanjani KABLA ya kukabidhi begi. Wanaweza kutaka kuiona bidhaa yenyewe.

Mdau wa viza
Usipange kurudi siku ya mwisho ya viza. Tarehe 16 Aprili 2024 mvua kubwa kuliko zote tangu kumbukumbu zao zianze 1949 ilifunika Dubai, ndege zikafutwa kwa mamia. Kuzidisha siku kunatozwa dirham 50 kwa siku. Acha nafasi ya siku tatu nne.

Msomaji wa Mwanza
Wakuu, mimi naunganisha Nairobi, nasubiri hapo muda wa saa 14, halafu Dar halafu Mwanza. Kuna shida? Na pawabenki ya mAh 30,000?

Mdau wa tiketi
Mkuu, saa 14 ni shida ndogo. Ukikaa zaidi ya saa 12 kwenye nchi yenye homa ya manjano, Kenya na Ethiopia zikiwemo, Tanzania bara wanaweza kukudai kadi ya chanjo. Kadi huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, na siku hizi ni ya maisha.

Dar chukua begi Terminal 3, pita forodha, kisha uende Terminal 2 kwa ndege ya ndani. Acha saa tatu nzima katikati.

Pawabenki: zidisha mAh (ile namba iliyoandikwa juu yake) kwa volti 3.7, gawanya kwa 1,000, upate Wh, kipimo cha nishati wanachotumia mashirika. Yako ni 111 Wh. Mpaka 100 hupita bila maneno, 100 hadi 160 ni kwa ruhusa ya shirika, zaidi ya hapo hapana. Ya 20,000 ni 74, chukua hiyo. Na iwe mkononi, kamwe si kwenye begi la chini.

Mtoto wa Kariakoo
Na ile mifuko ya plastiki ya maduka ya kiwanja cha Dubai iachwe kwenye ndege. Huku marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, Kenya tangu Agosti 2017. Vile vifuko vya zipu vya kuwekea shampuu havina neno, mradi uondoke navyo siku ukisafiri tena.