Je, televisheni zirudie picha za mlipuko kila tarehe 7 Agosti?

Mwanzisha mada:

Kila mwaka ifikapo tarehe 7 Agosti, taarifa ya habari ya saa moja usiku hapa Kenya hufunguliwa kwa picha zilezile za shambulio la mwaka 1998 kwenye ubalozi wa Marekani jijini Nairobi: moshi juu ya barabara ya Haile Selassie, jengo la Ufundi likiwa kifusi, majeruhi waliotapakaa damu wakibebwa mabegani, na maneno "picha za maktaba" pembeni mwa kioo. Kisha huja sura ya Osama bin Laden, na mwishoni manusura mmoja huulizwa anajisikiaje anapoikumbuka siku ile. Naileta mada hii nikiwa na msimamo: televisheni zetu ziache kufungua kumbukumbu hii kwa picha za shambulio la ubalozi wa Marekani, na dakika hizo zitumike kueleza yaliyowapata watu tangu siku ile hadi leo.

Shangazi yangu ni miongoni mwa waliopoteza macho. Alikuwa kazini katika jengo la jirani, saa nne unusu asubuhi hivi, ukasikika mshindo wa kwanza. Naye, kama wengi waliokuwa maofisini, akaenda dirishani kutazama kuna nini, na mlipuko wenyewe ulipokuja, kioo kikamrukia usoni. Ndiyo maana mkasa ule uliacha vipofu wengi kiasi kile. Watu hudhani kwamba asiyeona hasumbuliwi na picha. Mwaka jana nilikuwa nimeketi naye taarifa ilipoanza, na kabla mtangazaji hajatamka neno, ving'ora vya siku ile vikalia kutoka kwenye runinga. Akainua mkono akajifunika uso kwa kiganja, akabaki hivyo mpaka nilipopunguza sauti. Hapakuwa na onyo lolote lililotangulia.

Kanuni za maadili ya wanahabari zilizoambatishwa kwenye Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya mwaka 2013 zinataka wenye majonzi wahojiwe kwa staha, na zinahimiza kwamba picha za maafa zisitumiwe ovyo. Sioni kwa nini staha hiyo ikome kwa kuwa picha imezeeka.

Linaloniuma zaidi ni yale yanayoachwa nje. Mwaka 2020 Sudan ilikubali kulipa dola milioni 335 kwa ajili ya waathiriwa Wamarekani wa mashambulio ya kigaidi, yakiwemo haya ya mwaka 1998, ili iondolewe katika orodha ya Marekani ya nchi zinazofadhili ugaidi. Nairobi walikufa watu 213, na kati yao Wamarekani walikuwa 12. Wakenya waliokuwa wapita njia, au wafanyakazi wa majengo ya jirani kama shangazi yangu, hawakuwa katika malipo hayo, na kila mwaka husimama katika bustani ya kumbukumbu, pale ulipokuwa ubalozi, wakidai fidia. Dai lao huambulia sentensi moja, tena baada ya picha za moshi.

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mwanzisha mada, pole kwa yaliyomfika shangazi. Nimefanya kazi katika chumba cha habari kwa miaka mingi, na naomba nipinge. Mhariri anapopanga taarifa ya jioni, habari isiyo na picha hupunguzwa hadi nusu dakika, au huondolewa kabisa siasa za siku hiyo zikipamba moto. Picha za Agosti ndizo zinazoipa habari ya manusura nafasi. Ukiziondoa hutaongezewa muda wa kuzungumzia fidia. Utapoteza hata ile sentensi moja. Ukweli huo ni mchungu, lakini ndivyo kazi inavyokwenda.

Mchangiaji wa pili:

Mimi ni mwalimu wa historia. Wanafunzi wangu wote wamezaliwa baada ya mwaka 1998, na hata Garissa ya tarehe 2 Aprili 2015, walipouawa watu 148, wengi wao wakiwa wanafunzi wa chuo kikuu, wao huisikia kama hadithi ya zamani. Darasa hunyamaza kimya ninapowaonyesha picha za raia wakifukua kifusi kwa mikono mitupu. Bila picha hizo nitawafundishaje kwamba Wakenya ndio waliokuwa wa kwanza kuokoana?

Mchangiaji wa tatu:

Nawasalimu kutoka Dar es Salaam. Naomba tu msisahau kwamba asubuhi ileile, kwa tofauti ya dakika chache, ubalozi wa huku nao ulilipuliwa na watu 11 wakafa. Kwenye taarifa zenu sisi huwa ni nyongeza.

Mwanzisha mada:

Nashukuru, na nitaanza na mwalimu kwa sababu amenigeuza kidogo. Picha za watu wakifukua kifusi zibaki, na nakiri kwamba nilizichanganya na nyingine. Lakini darasani mwalimu huwaandaa wanafunzi kabla ya kuwaonyesha, na mwenye kuelemewa anaweza kutoka nje. Sebuleni picha humvamia mtu akiwa na sahani ya chakula mkononi.

Kwa ndugu wa chumba cha habari: sikatai kwamba ndivyo kazi inavyokwenda, ila mpango huo umewekwa na watu, na watu wanaweza kuubadilisha. Baada ya Septemba 2001, kituo cha ABC cha Marekani kiliamua kuacha kurudiarudia picha za ndege zikigonga majengo, kwa kuhofia kwamba watoto wangedhani tukio linatokea upya kila zinapoonyeshwa. Nchini Norway, katika kumbukumbu za tarehe 22 Julai, husomwa majina ya wote 77 waliouawa katika mashambulio ya mwaka 2011. Sauti ya mtu anayesoma jina, na kamera iliyotulia juu ya jina hilo ukutani, ni picha tosha, na ukuta wenye majina tunao pale bustanini.

Ndugu wa Dar es Salaam amenikumbusha tuhesabu sawasawa: 213 na 11 ni 224. Kila jina likipewa sekunde tatu, ni dakika kumi na moja na ushei. Mhariri akiona ni nyingi, agawe, asome sehemu mwaka huu na sehemu mwakani, kisha ampe manusura mmoja nafasi ya kueleza amelipa nini hospitalini tangu wakati huo, na ni ofisi ipi iliyompokea mara ya mwisho alipodai haki yake. Taarifa ya namna hiyo shangazi yangu angeisikiliza mpaka mwisho.