Nataka kuachana na king'amuzi cha kulipia, walioacha mnaishije?

Baba_Wawili:
Habari zenu wakuu. Kifurushi changu kinaisha mwisho wa mwezi na safari hii nawaza nisilipie tena kabisa, maana nikikaa nikiangalia kwa kweli chaneli tunazotumia ni nne tano tu zile zingine zote tunazipita na rimoti, alafu kila baada ya muda bei inapanda na chaneli nzuri inahamishiwa kifurushi cha juu. Shida ni kwamba nyumbani kila mtu ana lake. Watoto katuni, wife tamthilia, mimi mpira, na mzee wangu anakaa na sisi yeye bila taarifa ya habari ya usiku hatulali kwa amani. TV ni flati ya kawaida sio smati. Je antena ya kawaida inatosha au ndo nitaangalia chenga? Na nikihamia intaneti bando si litakwisha kwa siku mbili? Naombeni uzoefu wenu, hasa wenye familia, wale mnaokaa peke yenu na simu najua hamna shida.

Fundi_Mawimbi:
Mkuu anza na antena kabla hujafikiria kitu kingine, watu wengi wamesahau kwamba chaneli za bure bado zipo hewani na siku hizi picha yake ni safi kuliko hata ya baadhi ya ving'amuzi. Cha kwanza angalia TV yako inapokea mfumo gani. Ingia kwenye setingi au soma kwenye boksi lake, nchi nyingi za Afrika na Ulaya zinatumia DVB-T2, Marekani wanatumia ATSC, Japani na Brazili ISDB-T. Kwahiyo TV iliyoletwa mtumba kutoka Marekani unaweza kuipandishia antena hadi mbinguni isishike kitu, hapo itabidi utafute kiboksi kidogo cha nje cha mfumo wa kwenu, unalipia mara moja tu basi.

Kuhusu chenga, hizo zilikuwa za analojia. Dijitali haina chenga, ni aidha picha imenyooka kabisa au inaganda vipande vipande na sauti inakatika, katikati hakuna. Ndio maana mtu anasema "antena mbovu" kumbe imekosa nguvu kidogo tu, ukiinyanyua mita moja au ukiizungusha kuelekea ulipo mnara inakubali. Antena ya nje juu ya paa inaishinda ya ndani karibu kila siku, kuta na mabati yanakula mawimbi vibaya sana. Na angalia za majirani vijiti vyake vimelala au vimesimama, kama vimesimama na wewe simamisha. Tumia waya wa antena wa ohm 75, usiunge unge. Kile kidude cha kugawa waya kwenda TV mbili kinakata nguvu kama nusu, kwahiyo kama mawimbi ni hafifu usikiweke kabisa.

Alafu msilipie zaidi antena iliyoandikwa "4K", antena ni chuma tu haijui picha yako ina ubora gani. Biashara hiyo.

Dishi usiling'oe pia. Satelaiti nyingi zina chaneli za bure, unahitaji resiva ya kawaida isiyo na kadi. Inategemea dishi lako linaangalia satelaiti ipi, unaweza kupata nyingi au ukapata za mahubiri tupu 😂

Bi_Hesabu:
Kwenye bando nikusaidie kaka maana hapo ndo watu wanaumia. Netflix wenyewe wanasema picha ya kawaida ni kama GB 1 kwa saa, HD mpaka GB 3, na 4K mpaka GB 7. Sasa piga hesabu, nyumba inayowasha masaa manne kwa siku kwa HD ni GB 12, mwezi mzima ni GB 360. Kwa bando la simu hiyo haiwezekani, sahau. Lazima uwe na intaneti ya nyumbani ya bei moja kwa mwezi, na hata hizo wanazoita "bila kikomo" soma masharti kabla hujalipa, nyingi ukifika kiwango fulani wanakupunguzia spidi unabaki unaangalia kile kiduara kinazunguka.

Spidi yenyewe haihitaji kuwa kubwa kama wauzaji wanavyosema, Mbps 3 inatosha HD ya 720p na Mbps 5 inatosha 1080p yaani HD kamili, kwa TV moja lakini. TV mbili na simu tatu zikiwaka pamoja zidisha mwenyewe.

Kinachokula zaidi nyumbani kwetu sio filamu ni katuni za YouTube. Watoto wanaondoka wanaenda kucheza nje TV inaendelea yenyewe video baada ya video hakuna anayeangalia. Ingia setingi zima ile ya kujicheza yenyewe, na ubora uweke 480p yaani picha ya kawaida, mtoto wa miaka mitano hajawahi kulalamika kwamba paka kwenye katuni hana nywele za kutosha. Zile wanazozipenda (wanarudia hizo hizo kila siku si unawajua) weka kwenye flashi, hata TV nyingi zisizo smati zina sehemu ya USB, angalia tu faili ziwe MP4.

Shabiki_wa_Jukwaani:
Wote mnaongea vizuri ila hamjagusa mpira na mpira ndio umeshika hii biashara yote shingoni. Tamthilia utapata popote, habari utapata popote, ila ligi haki zake zimeuzwa kwa kampuni moja au mbili na hiyo haina njia ya mkato. Nachofanya mimi king'amuzi hakijang'olewa kipo pale, msimu ukiwa umechangamka nalipia, ligi ikisimama silipii, na hakuna aliyenikamata. Angalia tu mkataba wako usije ukawa wa mwaka mzima.

Mashindano makubwa ya mataifa angalia kwanza chaneli za bure, mara nyingi yanaonyeshwa. Kuna nchi wana sheria kabisa, Uingereza kwa mfano sheria yao ya utangazaji ya 1996 ina orodha ya michezo kama Kombe la Dunia na Olimpiki ambayo chaneli za bure lazima zipewe nafasi.

Kingine hawakwambii: mpira wa intaneti unachelewa. Nusu dakika hivi, wakati mwingine zaidi. Wewe bado unaona kona inapangwa, jirani mwenye dishi keshapiga kelele goooli, raha yote imeisha. Kama mtaa wenu una mashabiki zima na simu maana meseji nazo zinafika kabla ya goli. Na link za wizi achana nazo, unabonyeza kufunga tangazo moja yanafunguka manne na moja linataka uweke programu sijui ya nini.

Baba_Wawili:
Duh asanteni sana, hiyo ya jirani imenichekesha maana wangu ana mdomo kweli. Nimeangalia TV, setingi zimeandika DVB-T2 kwahiyo nimepona hapo. Swali limebaki kwa mzee sasa. Macho sio mazuri na rimoti anajua namba tu, anabonyeza namba ya habari basi. Nikimwekea mambo ya intaneti si ndo vita?

Mjukuu_Mwema:
Usimwekee mzee intaneti kabisa ndugu yangu, nimeona hii kwa bibi. Anawasha TV zinatokea picha za filamu zimejipanga safu kwa safu, anashika rimoti anakuuliza "habari ziko wapi" na kila siku utamwonyesha upya. Wazee wetu wamezoea TV inayowasha na kuongea yenyewe, sio inayomuuliza unataka nini. Mwekee antena, panga chaneli yake ya habari iwe namba 1, na kwenye setingi chagua TV ikiwaka ianzie kwenye antena sio HDMI, lile tundu utakalochomeka kidude cha intaneti maana TV yako sio smati. Kidude hicho kina rimoti yake, hiyo ficha.

Bi_Hesabu:
Hapo kwa mzee naunga mkono. Ila niongeze kwa ajili ya wife, msijisajili huduma tatu za filamu kwa pamoja, kila moja inaonekana ndogo ukijumlisha inapita king'amuzi ulichokimbia. Moja kwa mwezi, mkimaliza tamthilia zake futa hamia nyingine. Futa mwenyewe maana zinajilipa zenyewe.

Fundi_Mawimbi:
Alafu kuna kitu huwa kinanifurahisha, hii TV ya waya watu wanaiona ndo ya kisasa na antena ya kizamani, kumbe TV ya waya ilianza 1948 Marekani kwenye miji ya milimani ya majimbo kama Pennsylvania na Oregon kwa sababu mawimbi hayakufika mabondeni, wakaweka antena moja kubwa juu ya kilima na kushusha nyaya nyumba kwa nyumba. Yaani ilikuwa antena ya ujirani. Mambo ya vifurushi yamekuja baadaye.

Baba_Wawili:
Basi Jumamosi napanda juu ya paa. King'amuzi kinabaki kabatini mpaka ligi ianze. Fundi kuna busta ya kukuza mawimbi hapa nilipewa, niifunge huku chini nyuma ya TV au juu?

Fundi_Mawimbi:
Juu karibu na antena, chini inakuza na uchafu wote ulioingia njiani kwenye waya. Ila jaribu bila busta kwanza, ukiwa karibu na mnara inaharibu badala ya kusaidia. Ukimaliza skani chaneli upya. Na usipande mabati yakiwa yamelowa.

Baba_Wawili:
Poa mkuu, nitaleta mrejesho.